Mbwa mmoja, watu saba, kila mtu na kanuni yake: tumfundishe vipi kwa zawadi bila kupingana?

MamaWaGoba:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa kufundisha mbwa kwa zawadi, yaani kumpa kitu anachokipenda pale anapofanya unalolitaka, badala ya kumchapa pale anapokosea. Tunaishi Goba, Dar es Salaam, na nyumbani tuko watu saba: mimi na mume wangu, watoto wawili (mkubwa yuko darasa la tano, mdogo bado yuko chekechea), mama mkwe, dada anayetusaidia kazi, na mlinzi wa usiku. Mbwa wetu anaitwa Jeki. Ni chotara wa mbwa wa Kijerumani na mbwa wa kienyeji, anakaribia kutimiza mwaka, na kwa sasa anaweza kumwangusha mtoto mdogo bila hata kukusudia.

Tukiwa wawili tu uani, Jeki ni msikivu. Nikiwa na dagaa mfukoni anakaa, anasubiri, anakuja nikimwita, na hata mlango wa banda ukiwa wazi hatoki mpaka nimruhusu. Tatizo huanza geti linapofunguliwa. Humrukia kila anayeingia, na kwa kuwa sare za shule zimeshachafuka mara nyingi, watoto siku hizi huingia wakikimbia na kupiga kelele, jambo linalomchangamsha zaidi. Mume wangu humsukuma kwa goti huku akimfokea. Mlinzi, kinyume chake, hufurahi Jeki akimwekea miguu kifuani, na humkuna masikio akiwa amesimama hivyo hivyo. Wakati wa chakula Jeki hulala chini ya meza ya barazani, kwa sababu mama mkwe humtupia mifupa; si kila siku, ila siku anapomwonea huruma. Dada wa kazi hataki kabisa kumwona jikoni, lakini watoto humfungulia mlango.

Mume wangu anasema mbwa asiyechapwa hawezi kuwa na adabu, na kwamba ninachokifanya mimi ni kumhonga. Maswali yangu ni mawili. Je, ni kweli ninamhonga? Na tunawezaje kuweka kanuni za nyumba ambazo watu saba wa umri na mitazamo tofauti watazifuata kweli, bila mimi kugeuka askari wa kila mtu?

Mkufunzi_UsaRiver:

Dada, nafundisha mbwa wa ulinzi na wa nyumbani huku Usa River, na swali lako ni lile ninaloulizwa karibu na kila familia. Nianze na hongo, kwa sababu ndilo litakalokusaidia kuelewana na shemeji.

Tofauti ya hongo na malipo iko kwenye mpangilio wa matukio. Ukimwonyesha Jeki dagaa kwanza ndipo umwite, unamzoesha kuukagua mkono wako kabla ya kuamua kama aje au asije. Siku mkono ukiwa mtupu, haji. Ukimwita, akaja, ndipo kipande cha dagaa kikatoka mfukoni ambako hakukiona, hapo umemlipa kwa kazi aliyokwisha kuifanya. Kipande kiwe kidogo kama ukucha, na kimfikie ndani ya sekunde moja au mbili. Ukihangaika kufungua mfuko wa plastiki mpaka mbwa akainuka na kuanza kunusa, utakuwa umelipia kuinuka na kunusa, si kukaa.

Shemeji asidhani haya ni mambo ya mitandaoni ya juzi. Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike alichapisha majaribio yake ya paka wenye njaa waliofungiwa ndani ya visanduku huku chakula kikiwekwa nje. Paka alihangaika huku na kule mpaka akagusa kwa bahati kitanzi au kikomeo kilichofungua mlango. Kadiri alivyorudishwa ndani, ndivyo alivyokiendea kikomeo hicho mapema zaidi, na vurugu zisizomfungulia mlango zikapungua zenyewe. Kitendo kinacholeta matokeo mazuri hurudiwa. Mbwa wako naye yuko hivyo, na habari mbaya ni kwamba hajali ninyi mlikusudia nini, anajali alichopata.

Sasa litazame tena lile geti. Jeki akimrukia shemeji anapata goti, mikono, sauti kubwa na uso unaomtazama moja kwa moja. Kwa mbwa kijana aliyeshinda bandani mchana kutwa, huo ni mchezo aliousubiri tangu asubuhi. Akimrukia mlinzi, anakunwa masikio. Akiwarukia watoto, wanakimbia na yeye anawafukuza. Watu wote hawa wanamlipa kwa kuruka, kila mmoja kwa sarafu yake, na wewe peke yako ndiye unayelipia kukaa.

Kwa hiyo msiweke kanuni ya kusema "asiruke", kwa sababu haimwambii afanye nini. Wekeni kanuni ya kusema kwamba Jeki husalimiwa miguu yote minne ikiwa chini. Anayeingia afungue geti kiasi, asimame, asiseme neno. Miguu ikiwa chini, mkono wenye dagaa ushuke mpaka chini ya kidevu chake, kwa kuwa mkono unaotolewa juu humwinua mbwa wenyewe, kisha asalimiwe kwa sauti ya utulivu. Akiruka, mtu ageuze mgongo, akunje mikono na anyamaze. Akiendelea, arudi nje na kurudisha geti. Kopo la dagaa lenye mfuniko litundikwe karibu na geti, mahali pasipofikiwa na mvua wala na Jeki. Watoto msiwape kazi hii kwa sasa. Wanaporudi kutoka shule, mtu mzima awe amemfunga Jeki kamba au amemwacha bandani mpaka wakishaweka mabegi, kwani si haki kumtegemea mtoto wa chekechea afundishe mnyama mwenye uzito kumkaribia yeye.

Mifupa ya mama mkwe ni jambo zito zaidi kuliko mnavyodhani, na hapa naomba nirefushe kidogo. Wengi hufikiri kwamba mtu anayetupa mara moja moja anadhuru kidogo kuliko anayetupa kila siku. Ni kinyume chake. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha maabarani, kwa panya na njiwa, kwamba tabia inayolipwa bila mpangilio, leo ndiyo na kesho hapana, huwa ngumu kufutika kuliko ile iliyozoea kulipwa kila mara. Jeki chini ya meza yuko kama mcheza kamari: kukosa jana hakumvunji moyo, kunamwambia kwamba zamu yake inakaribia. Na mkiacha kabisa, jiandaeni, kwa maana siku za mwanzo atazidisha. Atalia, ataweka kidevu kwenye mapaja ya watu, pengine ataparua viti. Familia nyingi hushindwa hapo hapo. Mtu husema "mpeni tu anyamaze", na kumbe amemfundisha kwamba kulia kidogo hakutoshi, inabidi alie sana.

Halafu kuna usalama. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kumkwama kooni au kumtoboa utumbo, na mchuzi wenye vitunguu vingi ni sumu kwa mbwa kwa sababu huharibu chembe nyekundu za damu. Mweleze mama mkwe hilo kwa upole. Bibi anayetupa mfupa kwa huruma husikia haraka akijua kwamba huruma hiyo inaweza kumuua.

Babu_wa_Kondoa:

Binti yangu, nimesoma yote hayo na sitaki kubishana na wasomi, lakini nina mambo mawili. La kwanza, mbwa wetu walikesha na mbuzi porini, wakakabiliana na fisi, na hakuna aliyewalipa dagaa. Mbwa wa geti akibembelezwa sana atalegea. La pili, na hili nawaomba mlijibu kwa makini: wezi wa siku hizi hawaji na marungu, wanakuja na nyama yenye sumu na kuirusha juu ya ukuta. Mbwa uliyemzoesha kwamba kila mkono wa mtu una kitu kitamu, unamlindaje na nyama hiyo?

Mwalimu_Moro:

Shikamoo mzee wangu. La sumu nawaachia wanaofundisha mbwa. Mimi nina neno kuhusu kulegea.

Hapa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kutambua kifua kikuu kwenye sampuli za makohozi. Panya huyo huanza kwa kuzoeshwa mlio mfupi wa kidude kidogo cha mkononi: mlio ukisikika, chakula hufuata, mara ndizi, mara karanga. Akishaelewa maana ya mlio, mkufunzi humpigia mlio huo kila anapotua pua yake kwenye harufu inayotafutwa, na asipoipata hasikii mlio. Hakuna fimbo, na wala haiwezekani iwepo, kwa sababu panya anayemwogopa mkufunzi wake hatafanya kazi, atajificha. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapa Tanzania na kupelekwa Kambodia, aligundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100 vilivyofukiwa, na mwaka 2020 shirika la Uingereza la PDSA lilimpa nishani ya dhahabu. Mzee, kazi ambayo kosa moja lingemgharimu mtu mguu haijalegezwa na ndizi. Hata mbwa wanaonusa pembe za ndovu kwenye bandari ya Mombasa hulipwa mpira wa kuchezea.

Na kwa heshima kabisa, mbwa wenu wa Kondoa nao walilipwa. Walikuwa na kundi, walikimbia walivyotaka, na jioni walipata chakula palipokuwa na watu wao. Jeki wa Goba ana banda na ukuta.

BintiTanga:

Assalamu alaikum, na kwa wengine habari za jioni. Nitazungumzia jikoni na yule dada wa kazi, kwa sababu naona amepitwa katika majibu yote ingawa ndiye anayeshinda na Jeki kuliko mtu mwingine.

Sijui imani yake, lakini kwetu sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi katika pwani hii, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa wa ulinzi ameruhusiwa na jirani zangu wengi wanaye; tunachokilinda ni vyombo, nguo na mahali pa kuswalia. Mtu wa namna hiyo akikataa mbwa asiingie jikoni, si ubishi wala woga, na haifai apewe kanuni ya kumlisha Jeki mkononi. Na hata kama yeye ni Mkristo, ana haki ya kuulizwa kabla kanuni hazijapangwa, kwani kanuni iliyopangwa sebuleni bila yeye itavunjikia jikoni bila ninyi kuwepo.

Kwetu tulifanya hivi. Mlango wa jikoni uliwekewa springi ujifunge wenyewe, na kwenye kizingiti kikawekwa kigeti kifupi cha mbao, kwa sababu watoto husahau na springi haisahau. Mbwa akapewa gunia lake pembeni mwa baraza, na kando yake bakuli la bati ambalo halijawahi kuingia jikoni; huoshwa kwenye bomba la nje kwa brashi yake. Mtu akimkuta amelala kwenye gunia, hudondosha kipande bakulini na kwenda zake. Hakuna kuguswa, hakuna kulambwa, na asiyetaka mbwa anaweza kushiriki sawa na anayempenda. Mbwa alijifunza upesi kwamba bahati yake iko kwenye gunia, akaacha kusimama mlangoni.

Mkufunzi_UsaRiver:

Bakuli la BintiTanga linanipa jibu la swali la mzee, na mzee ameuliza swali la maana kuliko yote humu.

Mbwa anayeokota kila kilicho chini yumo hatarini, awe amefundishwa kwa dagaa au kwa fimbo. Fimbo haimshibishi wala haimwondolei pua. Kwa hiyo Jeki afundishwe kwamba chakula huja sehemu mbili tu, mkononi mwa watu wa nyumbani na bakulini, na kwamba kilichoko ardhini si chake. Shika kipande cha nyama ndani ya ngumi na mwachie anuse, alambe, aparue. Akirudisha pua nyuma, hata kidogo, mlipe kwa mkono mwingine kitu kitamu zaidi. Akishaelewa, weka nyama sakafuni na uifunike kwa kiatu, ukisema neno moja mtakalokubaliana, kama "acha". Baadaye iache wazi huku Jeki akiwa kwenye kamba. Sharti ni moja: kile kilichokuwa chini asikile kamwe, hata akifaulu, malipo yatoke mkononi. Hatimaye ombeni rafiki asiye wa nyumbani arushe kipande juu ya ukuta wakati mmeshika kamba, nanyi mlipe kugeuka kwake kuja kwenu.

Sitakudanganya kwamba hilo linatosha. Mbwa peke yake gizani, mbele ya nyama, anaweza kushindwa. Ndiyo maana ashibe kabla ya kufunguliwa usiku, na mlinzi azunguke ukuta wote na tochi kabla ya kumfungulia na tena katikati ya lindo. Na kumtupia mifupa kutoka mezani kunaharibu somo hili hili, kwa sababu kunamfundisha kwamba vitu vitamu hudondoka kutoka juu.

MamaWaGoba:

Asanteni sana. Jumapili baada ya chakula tulikaa wote, pamoja na dada wa kazi na mlinzi, aliyekuja mapema kwa ajili hiyo. Mume wangu amekubali kugeuza mgongo badala ya kutumia goti, kwa masharti kwamba ikishindikana tutalizungumza upya. Nadhani ile habari ya panya buku ndiyo iliyomlainisha, ingawa hajakiri. Mlinzi aliuliza kama atakatazwa kabisa kucheza na Jeki, tukakubaliana achezee mpira na kamba, si kifua. Dada wa kazi alisema kwa mara ya kwanza kwamba anamwogopa Jeki anapokimbia, jambo ambalo hakuna aliyelijua, na gunia pamoja na bakuli amevipokea vizuri. Mama mkwe hakatai, ila anasema asinyimwe kabisa kumpa kitu. Je, akimwekea mapafu yaliyochemshwa bakulini baada ya sisi kumaliza kula, na Jeki akiwa kwenye gunia, itaharibu?

Yamebaki mawili. Jeki akiwa bandani hubweka mfululizo tangu saa tano asubuhi. Na juzi Jeki akiwa na mfupa, mtoto mdogo alipita karibu naye, na Jeki akanguruma. Mume wangu alitaka kumchapa kwa hilo, nikamzuia, lakini sikuwa na maelezo ya kumpa.

Mkufunzi_UsaRiver:

Mama mkwe awe ndiye mwenye kazi hiyo rasmi. Mapafu bakulini, Jeki kwenye gunia, sahani zikiwa zimeshaondolewa mezani: hapo huruma yake inalipia utulivu. Akiinuka kabla, bibi arudishe kipande kwenye sufuria na asubiri alale tena.

Kunguruma kushughulikieni leo, kabla ya mengine yote. Ulifanya vyema kumzuia shemeji. Mngurumo ni onyo, na mbwa aliyechapwa kwa kuonya hujifunza kuacha kuonya, akabaki na hasira ile ile na meno yale yale bila kutangulia sauti. Kuanzia sasa mifupa isitolewe kabisa watoto wakiwa nje, Jeki ale bandani mlango ukiwa umefungwa, na mtoto wa chekechea asiwe naye bila mtu mzima aliye karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Ninyi wakubwa mzoesheni kidogo kidogo: mpite akiwa anakula, kwa umbali usiomkera, mmwongezee kipande cha nyama bakulini na muendelee na safari, ili mtu akikaribia aone chakula kinaongezeka. Msimnyang'anye. Akinguruma hata mkiwa mbali, mwiteni daktari wa mifugo amchunguze, maana maumivu nayo hufanya hivyo. Wakati huo huo hakikisheni kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa haijapitwa na wakati, na kila mtu nyumbani ajue kwamba jeraha la kung'atwa, hata dogo, huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kubweka bandani nisingeanza nako kama suala la adabu. Saa tano ni saa jua linapoanza kuchoma, kwa hiyo mwende mkasimame ndani ya banda wakati huo mwone kama kuna kivuli, maji na upepo, kisha mjiulize kama alitembezwa alfajiri. Hayo yakishakuwepo, kanuni ni kwamba banda hufunguliwa akiwa kimya, hata kama ukimya wenyewe ni wa kuvuta pumzi mara mbili tu, na muda huo uongezwe taratibu. Anayefungua mchana ni dada wa kazi, kwa hiyo muulizeni kwanza kama yuko tayari. Akisema bado anaogopa, kazi hiyo ibaki kwako mpaka Jeki atakapojua kutoka kwa kutembea.